Kibendera cha mezani: kwa nini watu wanaulilia mgahawa ambao chakula chake kilikuwa cha hivi hivi

Kazini kwetu, kwenye ghala moja hapa Fort Worth, Texas, kuna bwana mmoja wa miaka hamsini na ushei ambaye kila akimaliza chakula cha mchana huchomeka kijiti cha meno kwenye kipande cha mkate, akakisimamisha wima katikati ya sahani, kisha akaangaza macho huku na huku kama mtu anayemsubiri mhudumu. Miezi ya mwanzo nilidhani ni utani wa wenyeji, nikawa nacheka na wenzangu bila kuelewa. Siku nilipomuuliza alinijibu, "Hiyo bendera ya Pancho's, ndugu yangu. Ukiipandisha, wanakuletea tena." Mapumziko yetu ni nusu saa. Robo saa nzima ikaishia kwenye habari za baba yake aliyekuwa fundi bomba, wadogo zake watatu, na asali iliyokuwa ikimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Kuhusu chakula chenyewe alikuwa na maneno machache sana. "Kilikuwa cha hivi hivi tu," alisema.

Hapo ndipo nilipokwama. Mtu mzima anaulilia mgahawa ambao anakiri kwa kinywa chake kwamba haukuwa na mapishi ya maana. Na hayuko peke yake. Ukikaa na watu wa rika lake waliokulia Texas, Pancho's itatajwa kabla soda hazijaisha. Nikaanza kulifuatilia jambo hili, na kadiri nilivyovuta uzi ndivyo zilivyofuatana nyuzi nyingine: pua, kumbukumbu, historia ya mpaka, na hesabu za mwenye mgahawa. Hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na kwa maoni yangu ndiyo yenye jibu.

Tuanze na mgahawa wenyewe. Pancho's Mexican Buffet ilianzishwa mwaka 1958 na Jesse Arrambide mjini El Paso, mji wa Texas unaotazamana na Ciudad Juárez ya Mexico, katikati ukiwa mto tu. Mwaka 1966 makao yake yakahamia hapa Fort Worth, na matawi yakaenea Texas, New Mexico, Arizona, Oklahoma na Louisiana. Ilikuwa ni bufee: unalipa bei moja, unakula mpaka useme basi. Unaingia, unashika trei, unapita mbele ya vyombo vya chuma vinavyofuka mvuke. Kuna enchilada, yaani chapati za mahindi zilizoviringishwa na kumwagiwa mchuzi wa pilipili na jibini. Kuna taco, yaani chapati za mahindi zilizokunjwa na kujazwa nyama, maharage yaliyopondwapondwa, wali mwekundu, na pilipili kubwa zilizojazwa jibini zikakaangwa. Unakwenda kukaa. Mezani kuna mlingoti mdogo wenye kibendera na kamba yake. Ukitaka nyongeza huinuki wala huiti mtu. Unavuta kamba, bendera inapanda, mhudumu anakuja kukusikiliza. Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Hii ilifuata tumbo.

Kisha ikaja sopapilla. Msomaji wa Tanga au Mombasa hahitaji maelezo marefu, maana hii ni binamu wa hamri. Ni unga wa ngano, mafuta kidogo, chumvi, na unga wa kuumulia badala ya hamira. Hakuna tui, hakuna iliki. Kinyunya kinasukumwa kikawa chembamba, kinakatwa pembe nne, kinatumbukizwa kwenye mafuta yaliyopata moto hasa, na mpishi anakirushia mafuta kwa juu na kijiko mpaka kinafura kama mto wa kulalia, ndani kutupu. Mlaji anang'oa pembe moja, anamimina asali kwenye lile tundu, anainamisha ili asali izunguke ndani, kisha anauma upesi kabla haijavuja. Siku zote inavuja. Jina la kitu hiki limesafiri mbali: limetokana na "sopaipa" la Kihispania, neno lililozaliwa Andalusia, kusini mwa Hispania, enzi za utawala wa Waislamu, likimaanisha mkate uliolowa mafuta.

Sasa hiyo hali inayomshika yule bwana tuiiteje? Kiswahili hakina neno moja lililokubalika. Tuna hamu, tuna simanzi, tuna kumbukizi. Redioni tuna zilipendwa, na mimi naona hilo ndilo linalokaribia kabisa: limekaa katika wakati uliopita na halisemi ni nani aliyezipenda wala alikwenda wapi. Wazungu wana neno lao, na lina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa anasomea udaktari Basel, Uswisi, alichukua maneno mawili ya Kigiriki, nostos yaani kurudi nyumbani, na algos yaani maumivu, akayaunganisha apate jina la ugonjwa: nostalgia. Aliokuwa akiwaandika ni Waswisi walioishi mbali na kwao: hawali, hawalali, wanakonda. Kwa muda mrefu baada yake madaktari waliuhesabu kuwa ugonjwa kweli, wakautafutia dawa.

Leo wataalamu wa saikolojia wanauona kwa jicho jingine. Mwaka 2006 Tim Wildschut na Constantine Sedikides wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, pamoja na wenzao, walichapisha uchunguzi wa simulizi walizoandika watu kuhusu mambo ya zamani wanayoyatamani. Msimulizi huwa katikati ya kisa, lakini mara nyingi amezungukwa na watu wake. Kinachoichokoza hali hiyo huwa huzuni, na hasa upweke. Na mtu akishakumbuka hujihisi ana watu, anapendwa. Kwa hiyo wanaodhani kwamba kumbukumbu ndiyo inayoleta majonzi wameanza na mkia. Majonzi yalikuwepo tayari, na kumbukumbu imeitwa ije kuyatibu. Nimemchunguza yule bwana: kijiti chake hakisimami siku za mishahara. Kinasimama Januari, zamu ikiwa ndefu na ghala limepoa.

Kwa nini basi chakula, wala si viti au rangi ya ukuta? Hapa pua inaingia. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha si kazi ya ulimi. Ulimi unajua chumvi, sukari, uchachu na vitu vichache vingine. Kilichobaki ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo kwenda puani. Na harufu ina njia yake kichwani. Tunachokiona na kukisikia hupita kwanza kwenye kituo cha katikati ya ubongo ndipo kisambazwe, lakini harufu huingia karibu moja kwa moja kwenye maeneo yanayoshughulika na hisia na yale yanayotunza kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya mafuta ya taa inaweza kukutupa kwenye jiko la bibi kabla hujajua ni nini kilichokutupa. Kwa mtoto wa Pancho's, harufu hiyo ni binzari nyembamba, mahindi na mafuta ya kukaangia, vyote kwa pamoja, mlangoni, kabla hata trei haijashikwa.

Lakini pua haithibitishi kwamba kumbukumbu ni ya kweli. Kumbukumbu ni kiporo: kila unapokipasha moto kinabadilika kidogo, na unachokirudisha kabatini si kile ulichokitoa. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake huko New York walionyesha jambo hili kwa panya waliofundishwa kuogopa mlio fulani. Panya alipokumbushwa ule mlio, kumbukumbu yake ililegea na ikabidi ihifadhiwe upya. Wakiuzuia uhifadhi huo kwa dawa, hofu inatoweka. Wanasayansi bado wanabishana ni kwa kiasi gani haya yanawahusu binadamu kwenye mambo ya kila siku, lakini kwamba simulizi hubadilika kila inaposimuliwa, hilo hakuna anayelibishia. Familia iliyokwenda mara nne kwa mwaka, mtoto anakumbuka walikwenda kila Jumapili. Meza inakuwa ndefu. Mlingoti unakuwa mrefu. Mdogo wake aliyetapika kwenye gari wakati wa kurudi anafutwa kabisa, au anapandishwa cheo kuwa kichekesho.

Kuna fundo jingine ambalo hulipuka watu wakianza kuukumbuka mgahawa kama huu mbele ya wengine. Atatokea mjuaji aseme: hicho hakikuwa chakula cha Mexico. Na kwa namna fulani ana haki. Mtu wa Oaxaca, kusini mwa Mexico, akiwekewa sahani ile yenye jibini ya njano na mchuzi uliojaa binzari nyembamba anaweza kuuliza imetoka nchi gani. Ila Texas ilikuwa sehemu ya Mexico mpaka mwaka 1836. Kuna familia za Kimexico ambazo hazikuhamia Marekani kamwe. Mpaka ndio uliowahamia. Walipika kwa walichokuwa nacho: ngano, ng'ombe, na baadaye jibini ya kiwandani na pilipili ya unga, ile ambayo Mjerumani mmoja wa New Braunfels, Texas, William Gebhardt, alianza kuiuza miaka ya 1890. Mwaka 1972 Diana Kennedy, Mwingereza aliyekuwa ameishi Mexico, alitoa kitabu cha mapishi ya mikoa ya Mexico, kizuri sana kwa kweli, na kutoka hapo chakula cha Texas kikaanza kuitwa cha bandia. Ni sawa na kumwambia mtu wa Mombasa kwamba biriani yake si biriani kwa kuwa haifanani na ya Hyderabad. Biriani ya Mombasa ina wazazi wake na ina kaburi la babu yake pale pale. Hata hivyo, anayeililia Pancho's halilii Mexico, kwa hiyo ubishi huu, ingawa ni mtamu, haumhusu.

Turudi kwenye pesa.

Mgahawa wa kawaida huuza chakula kwa sahani. Bufee huuza mlango: umelipa, umeingia, umemaliza. Anayeanzisha biashara hii lazima ajiulize atapataje faida kwa mtu atakayekula sahani tano, na jibu liko kwenye yale maharage. Angalia orodha ya vyakula vya Pancho's tena: mahindi, ngano, wali, maharage, yaani vyakula vya bei ya chini na vinavyoshibisha haraka. Nyama ipo lakini imechanganywa. Wahudumu si wengi, kwa kuwa hakuna anayeandika oda ya kila mtu na jikoni hakuna anayepika sahani moja moja. Na walaji wa sahani tano ni wachache. Wengi wanaingia na macho makubwa wanatoka na tumbo dogo.

Kweli, wingi wa aina humfanya mtu ale kuliko kawaida. Mwaka 1981 Barbara Rolls na wenzake walionyesha kwamba watu waliopewa mkate wenye vijazo vya aina nne walikula karibu theluthi moja zaidi kuliko waliopewa aina moja, kwa sababu ulimi huchoka na ladha moja kabla tumbo halijachoka. Ndiyo maana kwenye bufee mtu hujikuta ameshiba wali lakini hajashiba taco. Mwenye mgahawa analijua hilo na ameshaliweka kwenye bei.

Anayempa faida kuliko wote ni familia yenye watoto. Bei ya mtoto ni ndogo, lakini tumbo lake ni dogo zaidi ya bei. Mtoto wa miaka minane anashiba kwenye sahani ya pili. Anachokitaka baada ya hapo si chakula, ni kamba. Anataka kuivuta bendera aone mtu mzima aliyevaa sare akija kwake, kwake yeye, kumuuliza anataka nini. Kila upandishaji wa bendera ulimgharimu mwenye mgahawa kijiko cha maharage na kipande cha unga uliokaangwa.

Sasa kaa upande wa baba. Fundi bomba mwenye watoto wanne akiwapeleka kwenye mgahawa wa kawaida anakula huku anapiga hesabu. Kila mtoto anayefungua mdomo anataja pesa. Atasema "agizeni kimoja mgawane," atasema "soda moja inatosha," atasema "utamaliza kweli hicho?" Wazazi wetu walituambia maneno hayo hayo kwenye stendi za mabasi, na wengine tulionywa kabla hata ya kutoka nyumbani tusije tukaonyesha njaa ugenini. Kwenye bufee yule baba anajua jumla yake kabla hajavuta kiti. Hakuna tena kitakachoongezeka. Kwa hiyo kwa saa nzima anaweza kuwa mtu ambaye siku nyingine hawezi kumudu kuwa: baba anayesema chukua unachotaka. Mtoto hajui lolote kuhusu gharama za uendeshaji. Anachokiona ni kwamba uso wa baba umelegea, na kwamba hapa, peke yake duniani, ukiomba nyongeza hakuna anayeguna.

Hicho ndicho kilichofungwa matawi yalipofungwa. Na yalifungwa kwa sababu zile zile za hesabu. Biashara ya faida ndogo kwa kila kichwa huishi kwa wingi wa vichwa. Mishahara ikipanda na bei ya vyakula ikipanda, kupandisha bei ya mlango kunamfukuza yule yule fundi bomba. Wateja vijana nao walihamia kwenye migahawa ambako chakula hupakuliwa mbele yako kwa kipimo, mfano wa Chipotle iliyoanzia Denver mwaka 1993. Pancho's iliuzwa mwaka 2001, matawi yakaendelea kupungua. Janga la 2020 lilizipiga bufee za Marekani vibaya sana, maana upawa mmoja unaoshikwa na mikono mia ulikuwa ndicho kitu ambacho kila mtu ameambiwa akikimbie.

Je, mgahawa wa utotoni unaweza kurudishwa? Kuna watu waliojaribu, tena kwa pesa nyingi. Casa Bonita ilianzishwa na Bill Waugh huko Oklahoma City mwaka 1968, na mwaka 1974 ikafungua tawi lake mashuhuri Lakewood, ubavuni mwa Denver, Colorado. Jengo lina mnara wa waridi nje, na ndani kuna maporomoko ya maji ya mita 9 hivi, wapiga mbizi wanaoruka kutoka kwenye mwamba, na pango la kutisha watoto. Sopapilla na asali zilikuwepo, na bendera ya mezani ilikuwepo. Chakula kilikuwa kibaya kwa sifa. Wenyeji walikitania waziwazi huku wakirudi kila siku ya kuzaliwa. Mgahawa ulifungwa Machi 2020, mwaka uliofuata ukaingia kwenye kesi ya kufilisika, na Trey Parker na Matt Stone, waliokulia Colorado na kuja kuunda katuni ya South Park, wakaununua kwa dola milioni 3.1. Nyaya zilikuwa hatari, mabomba yameoza. Ukarabati ukala zaidi ya dola milioni 40, ukafunguliwa tena mwaka 2023.

Walichobadilisha na walichoacha kinaeleza mengi. Chakula walikitupa, wakamleta Dana Rodriguez, mpishi aliyezaliwa Chihuahua, kaskazini mwa Mexico, apike upya. Maporomoko, wapiga mbizi, pango na sopapilla havikuguswa, au viliguswa kwa uangalifu wa mtu anayepangusa picha ya marehemu. Nadhani walikuwa wameelewa kwamba hakuna aliyekuwa analilia enchilada. Lakini hata kwa milioni 40 kuna kitu kimoja ambacho hawakuweza kukinunua. Aliyekuwa na miaka minane sasa ana hamsini, na keshia akitaja bei ya familia nzima, anayeisikia ni yeye.

Mwezi uliopita nilipika mahamri nikaenda nayo kazini. Nilimpa yule bwana moja, bado lina joto kidogo ndani ya karatasi. Hakuliuma katikati kama tunavyofanya sisi. Alilishika, akaling'oa pembe, akachungulia ndani ya tundu, kisha akaniuliza kama nina asali. Sikuwa nayo. Akatafuna taratibu, iliki ikamfikia, akatikisa kichwa.

"Siyo yenyewe," akasema. Akatoa kijiti cha meno mfukoni, akakichomeka kwenye kipande kilichobaki, akanitazama.

Nikamwongeza.